Mpishi Hupikia: Juu ya Maumbo ya Maneno, Kutoka Kismayu na Barawa Hata Praha

Mtu apikaye huitwa mpishi. Lakini mpishi huyo akipata mgeni, hatusemi kwamba anampishia chakula. Twasema anampikia. Sasa tazameni vizuri, wasomaji. Katika neno mpishi, k ya pika imegeuka kuwa sh. Katika neno pikia, k ile ile imekaa mahali pake. Na katika maneno yote mawili sauti inayofuata ni moja, yaani irabu i. Kama i ndiyo iliyoigeuza k katika mpishi, mbona haikuigeuza katika pikia? Na kama siyo i, ni nini basi?

Swali hili laonekana dogo, lakini limewashughulisha wataalamu wa lugha kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini. Tena baadhi ya mifano waliyoitegemea sana haikutoka Ulaya wala Amerika. Imetoka pwani ya Somalia, katika mji wa Barawa ulio kaskazini ya Kismayu, kwa watu wasemao lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kibajuni na wa Kiswahili chetu. Nia yangu katika makala haya ni kueleza swali hilo na majibu yake, kisha nionyeshe kwa nini lawahusu watu wa Kismayu na visiwa vya Bajuni, yaani Koyama, Chovai, Chula, na vingine vilivyojipanga kuelekea Ras Kiamboni.

Si pika peke yake

Kabla ya kwenda mbali, tukusanye ushahidi nyumbani. Andika: mwandishi. Linda: mlinzi. Penda: mpenzi. Fuata: mfuasi. Lewa: mlevi. Gomba: mgomvi. Mara nyingi tunapofanya jina la mtu kwa kutia i mwishoni, konsonanti ya mwisho ya kitenzi hubadilika: k huwa sh, nd huwa nz, t huwa s, w huwa v, mb huwa mv. Lakini tukitia i ya kutendea, hakuna kinachobadilika: andikia, lindia, fuatia. Mtu aweza kuandikiwa barua mia, k yake isitikisike hata mara moja.

Basi si jambo la neno moja. Ni desturi iliyoenea katika lugha nzima, nasi tuliijua kabla hatujaingia darasa la kwanza, ingawa hapana mzazi aliyetuketisha akatufundisha. Hapo ndipo elimu hii inapoanzia: kustaajabia jambo ambalo kila mtu hulifanya pasipo kufikiri.

L iliyojificha

Mfano mwingine utatusaidia kufahamu namna wataalamu hawa wanavyofikiri. Twasema nunua. Lakini kwa kutendea twasema nunulia, na mtu anunuaye ni mnunuzi. Hiyo l ya nunulia imetoka wapi? Haionekani katika nunua. Na z ya mnunuzi je? Vivyo hivyo tembea, tembelea, matembezi. Okoa, okolea, mwokozi.

Jibu jepesi kuliko yote ni kusema kwamba l ilikuwamo tangu mwanzo. Shina la kitenzi hiki si nunu, bali ni nunul. Iko kanuni isemayo kwamba l hudondoka ikiwa imesimama mbele ya irabu ya mwisho ya kitenzi, kwa hiyo nunul-a husikika nunua. Lakini l ikilindwa na kiambishi kingine nyuma yake, hubaki, nasi husikia nunulia. Na ikifuatwa na i ya mpishi, hugeuka z, nasi husikia mnunuzi.

Tena kanuni hiyo moja yaeleza na jambo la pili ambalo hatukuliuliza. Kiambishi cha kutendea zamani kilikuwa -il-. Shik-il-a ilifupishwa ikawa shikia, kwa kuwa l yake ilisimama mbele ya irabu ya mwisho. Lakini tukikitia mara mbili twapata shikilia: l ya kwanza imelindwa na ya pili, na ya pili imedondoka. Kanuni ina wabishi wake, kama lala, ambayo haikukubali kupoteza l. Lakini inaeleza mamia ya vitenzi kwa sentensi moja. Neno tulisikialo kwa sikio, basi, si lazima liwe sawa na neno tulilolihifadhi kichwani. Kichwani tumeweka nunul. Mdomoni hutoka nunua. Kati ya kichwa na mdomo ziko kanuni.

Sarufi zalishi ni nini?

Fikira hiyo, kwamba mtu huhifadhi mashina machache na kanuni chache kisha huzalisha kutoka humo maneno yasiyohesabika, ndiyo iitwayo sarufi zalishi. Ilijulikana duniani kwa kazi ya Noam Chomsky wa Marekani, aliyetoa kitabu chake cha kwanza juu yake mwaka 1957. Mwaka 1968 yeye pamoja na Morris Halle walitoa kitabu kikubwa juu ya sauti za Kiingereza, nacho kikawa msingi wa wengi waliowafuata.

Lakini mbegu yake ni ya zamani zaidi. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Panini wa Bara Hindi aliieleza lugha ya Sanskriti kwa kanuni fupi fupi karibu 4,000, moja ikimpokea mwenzake kazi. Na katika karne iliyopita iko njia iliyopitia nchi ya Wacheki. Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, alihamia Praha mwaka 1920, akawa mmoja wa walioanzisha mwaka 1926 chama mashuhuri cha wataalamu wa lugha katika mji huo, kisha akafundisha katika mji wa Brno. Mwaka 1939, majeshi ya Wajerumani yalipoiingia nchi, alikimbia, na mwaka 1941 akafika New York. Mwaka 1948 alitoa makala juu ya vitenzi vya Kirusi, akionyesha kwamba badala ya kukariri mashina mawili kwa kila kitenzi, yatosha kuwa na shina moja na kanuni za kulibadilisha. Morris Halle tuliyemtaja alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo mkimbizi mmoja alibeba fikira hiyo kutoka Ulaya ya kati hata Amerika, na kutoka huko, kama tutakavyoona, ikafika pwani yetu.

Mtu wa Barawa na mwalimu wa Illinois

Katika miaka ya 1970, Mohammad Imam Abasheikh, mwenyeji wa Barawa, alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois. Huko alishirikiana na mwalimu Charles Kisseberth, mmoja wa mabingwa wa sarufi zalishi ya sauti. Wakaanza kuchunguza lugha ya Abasheikh, yaani Kimiini, au kama wenyewe waiitavyo, Chimiini, lugha ya Miini. Makala zao za kwanza zilitoka katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1978 Abasheikh alipata shahada ya udaktari kwa kazi yake juu ya kauli ya kutendesha katika Chimiini, na mwaka 2004 kamusi yao ya Chimiini yenye mifano mingi ilichapishwa Tokyo.

Walikuta nini? Walikuta kwamba Chimiini kimehifadhi kitu ambacho sisi tumekipoteza. Sisi twasema amesoma, amepika, kwa kutia -me- mbele. Wao hutia kiambishi mwishoni, -ile au -ele. Tazameni mifano hii. Nimeacha alama za irabu ndefu ili isomeke kwa urahisi:

jiba (jibu): jibile
kuna: kunile
soma: somele
reba (zuia): rebele

Kanuni ya kwanza ni dhahiri. Irabu ya kiambishi huifuata irabu ya shina. Shina likiwa na e au o, kiambishi huwa -ele. Likiwa na irabu nyingine, huwa -ile. Hiyo hata sisi tunayo: twasema pikia lakini somea.

Sasa njooni kwa pika. Kwa kutendea, Mbarawa husema pikila, na k imekaa. Kwa wakati uliotimia, husema pishile, na k imekuwa sh. Kile kitendawili chetu cha mpishi na pikia kimetokea tena, lakini safari hii kiko wazi zaidi, kwa maana viambishi viwili hivi vimefanana kama mapacha: vyote vina i na l, vyote hufuata irabu ya shina. Kimoja huigeuza k, kingine huiacha.

Nasi pia tulikuwa nacho kiambishi hicho zamani. Katika tenzi za kale za Lamu na Pate hukutwa maneno kama shishiye, maana yake ameshika. Hiyo -iye ni -ile iliyopoteza l yake, na sh ya pili ni k ya shika iliyogeuzwa. Wengi wetu tulipolikuta neno kama hilo darasani tulidhani mshairi ametaka vina tu. La, hasha. Alikuwa akisema Kiswahili cha kwao.

Kanuni hupanga foleni

Chimiini kina jambo jingine ambalo lafaa lielezwe polepole. Shina likiishia na s, z, au jamaa zake, l ya kiambishi hiki huwa z:

anza: anzize
teza (cheza): tezeze

Kanuni yasema: baada ya sauti ya mluzi kama z au sh, l hugeuka z. Vema. Lakini tazama tena pishile. Ina sh, tena sh imesimama mahali pale pale panapotakiwa, illa l haikugeuka. Hatusikii pishize. Kwa nini?

Jibu la sarufi zalishi ni kwamba kanuni hazifanyi kazi zote kwa pamoja, bali hupanga foleni. Kanuni ya kugeuza l kuwa z huja kwanza. Inapofika kwenye pik-ile hukuta k, haikuti sh. Kwa hiyo haina kazi, yapita. Ndipo ije kanuni ya pili, igeuze k kuwa sh. Sasa sh imefika, lakini ile kanuni ya kwanza imekwisha ondoka. Ni kama mtu aliyefika kituoni baada ya basi kwenda: yupo kituoni, amesimama mahali pake, lakini basi halirudi kumchukua. Basi sh iliyozaliwa ndani ya neno haina haki za sh iliyokuwamo tangu mwanzo.

Yafaa tufikiri kidogo juu ya maana ya jambo hili. Mtoto wa Barawa mwenye miaka mitano, asiyejua kusoma, anasema pishile wala hasemi pishize. Ina maana kwamba kwa namna fulani anajua sh hii asili yake ni k. Sikio lake limesikia sh, lakini akili yake imeandika k.

I mbili zilizokuwa mbali

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini i moja hugeuza na nyingine haigeuzi?

Jibu la historia lajulikana. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alitoa kitabu juu ya sauti za lugha za Kibantu, akionyesha kwamba lugha mama ya hizi zote haikuwa na irabu tano kama Kiswahili, bali zaidi ya hizo. Leo wataalamu huhesabu saba, na i zilikuwa mbili: moja ya juu kabisa, iliyosemwa kwa ulimi ulioinuka sana, na moja ya chini yake kidogo. I ya juu iliyabana makonsonanti yaliyoitangulia hata yakawa s, z, sh, v. I ya chini haikuwa na nguvu hiyo. Baadaye, katika Kiswahili na ndugu zake, i mbili ziliungana zikawa moja, lakini alama za meno ya ile ya kwanza zilibaki. Wenzetu Wakikuyu na Wasukuma wanazo irabu saba mpaka leo. Ndiyo sababu Mkikuyu huandika i na ĩ, na mkono wake hautakosea kwa kuwa sikio lake lazisikia mbali mbali.

Msije mkafikiri haya ni maajabu ya Kibantu peke yake. Huko Praha tulikotoka, Mcheki humwita mvulana kluk. Wavulana wakiwa ndio watendaji wa sentensi, husema kluci, ambapo c husomwa ts. Lakini akisema kwamba anawaona wavulana, husema kluky, na k imebaki. Herufi i na y za Kicheki siku hizi husomwa sawa kabisa, zote ni i. Kwa hiyo hapa pia sikio lasikia i mbili zilizo sawa: moja imegeuza k kuwa ts, moja imeiacha. Na sababu ni ile ile: zamani zilikuwa irabu mbili, zikaungana. Maandishi yao yamehifadhi tofauti ambayo midomo imeisahau, na watoto wa shule huko hukariri orodha ndefu za maneno ili wajue wapi waandike y na wapi i. Kumbe watu walio mbali namna hii, ambao lugha zao hazina undugu wowote unaojulikana, wamepita njia moja.

Ubishi wa wataalamu

Lakini historia si jibu kamili. Mtoto wa Barawa hajui habari za Meinhof, wala hajapata kuzisikia irabu saba. Yeye asikia tano. Sasa kichwani mwake kuna nini? Hapa wataalamu wamegawanyika, na msomaji aweza kuchagua upande.

Wa kwanza husema: kichwani bado ziko i mbili. Mtoto akiona kwamba i ya pishile yafanya kazi moja na i ya pikila yafanya nyingine, huzihifadhi kama irabu mbili tofauti, na kanuni ya mwisho kabisa katika foleni huziunganisha kabla hazijatoka mdomoni. Uzuri wa jibu hili ni kwamba kanuni hubaki safi: i ya juu hugeuza, basi.

Wa pili husema: la, mtoto hawezi kujifunza irabu ambayo hajapata kuisikia. Mwaka 1968 Paul Kiparsky aliuliza swali hilo kwa ukali, yaani ni umbali gani unaoruhusiwa kati ya umbo la kichwani na sauti ya mdomoni. Kwa watu wa upande huu, i ni moja tu, lakini kanuni ya kugeuza imeshikamana na viambishi fulani kwa majina yao. Kiambishi cha wakati uliotimia kina ruhusa ya kugeuza. Cha kutendea hakina. Uzuri wa jibu hili ni kwamba halimtwiki mtoto mzigo asiouona; ubaya wake ni kwamba halielezi kwa nini iwe hivyo, hulitaja jambo tu.

Wa tatu husema: pengine hakuna kanuni hata kidogo, ila orodha. Mtu amehifadhi mpishi kama neno zima, na pikia kama neno zima, kama ahifadhivyo meza na kiti.

Iko njia ya kuwapima hawa wa tatu. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wadogo. Aliwaonyesha picha ya kiumbe cha kubuni, akawaambia jina lake, wug. Kisha akawaonyesha viwili, akawataka wamalizie sentensi. Wengi wakatia s ya wingi bila taabu, hali neno hilo hawakupata kulisikia maishani mwao. Lisilosikiwa haliwezi kuwamo katika orodha. Basi ilikuwa ni kanuni.

Tujipime na sisi. Hebu tubuni kitenzi noka. Mtu akitenda hivyo kwa ajili yako, amekufanyaje? Amekunokea, nadhani sote twakubaliana. Na mtu anokaye ni nani? Sidhani kama kuna atakayesema mnoshi. Wengi watasema mnokaji. Na kumfanya mtu anoke? Wengi watasema kunokesha, wala si kunosha, ingawa tunayo ruka na rusha, waka na washa.

Jaribio hili latufundisha kitu. Katika Kiswahili cha leo, kanuni ya kutendea iko hai: hushika neno lo lote jipya. Lakini kanuni ya mpishi imelala. Mpishi, mlinzi na mnunuzi tumewarithi wakiwa tayari, na maneno mapya hayafuati njia yao. Hata shinda imetupa mshindi, wala si mshinzi. Bali katika Chimiini, kugeuza k kuwa sh kumo ndani ya mnyambuliko wenyewe wa kitenzi, katika wakati utumikao kila siku, sokoni na nyumbani. Kwetu ni kumbukumbu. Kwao ni kazi.

Mchu wa visiwani

Hapa yafaa tuwatazame Wabajuni wenyewe. Mbajuni husema mchu na wachu, pale sisi tunaposema mtu na watu. Je, hii nayo ni kanuni kama ile ya pika na pishile? Hapana, na tofauti yake ni muhimu. Katika lugha ya Mbajuni, neno hilo ni mchu asubuhi na mchu jioni; halibadiliki likawa mtu likifuatwa na kiambishi hiki au kile. T iligeuka ch zamani katika vinywa vya wahenga, na mtoto hurithi ch iliyokwisha kamilika. Sisi tunaolinganisha lahaja mbili ndio tunaoiona ile t.

Basi kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko badiliko la historia, ambalo huonekana ukiweka lahaja mbili kando kwa kando, kama mtu na mchu. Na liko badiliko lililo hai ndani ya lugha moja, ambalo huonekana ukiweka maumbo mawili ya neno moja kando kwa kando, kama pikila na pishile. La kwanza ni mali ya wanahistoria. La pili ni mali ya kila msemaji, naye hulibeba kichwani aendako.

Derek Nurse, Mwingereza aliyepata kufundisha Dar es Salaam na baadaye Newfoundland katika Kanada, alikusanya habari za Kibajuni huko Kismayu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1993 yeye na Thomas Hinnebusch walitoa kitabu juu ya historia ya Kiswahili na ndugu zake, Kibajuni na Chimiini vikiwamo. Ilikuwa bahati kwamba kazi hizo zilifanywa wakati ule. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wa pwani walikimbia kwa majahazi na mashua. Wabajuni wengi walifika Mombasa, wakakaa katika kambi ya Jomvu, na Wabarawa wametawanyika hata Manchester na London.

Tofauti hiyo yawagusaje wao?

Tangu miaka ya 1990, idara za uhamiaji za baadhi ya nchi za Ulaya zimekuwa zikirekodi usemi wa watu waombao hifadhi, ili kupima kama kweli wanatoka wanakosema. Wabajuni ni miongoni mwa waliopimwa. Mtu aliyezaliwa Chula huketishwa mbele ya mgeni, mara nyingi na mkalimani asemaye Kiswahili cha Kenya, huulizwa maswali, na usemi wake huchunguzwa. Sasa fikirini. Mtu ye yote mwenye adabu, akisema na mgeni, hulainisha lugha yake ili aeleweke. Atasema mtu badala ya mchu, kwa kuwa neno moja ni jepesi kubadilishwa kama kofia. Je, amesema uwongo juu ya kwao? Mwaka 2004 kundi la wataalamu wa lugha kutoka nchi mbali mbali walitoa miongozo juu ya kazi hiyo, wakitaka ifanywe na watu waliosoma elimu ya lugha, na kwa hadhari. Nami naona kwamba asiyejua tofauti ya neno na kanuni, ya kofia na kichwa, hafai kumhukumu mtu kwa usemi wake. Kwa hukumu kama hiyo mtu hupata makao, au hurudishwa.

Jambo la pili ni hili. Lugha ikianza kufa, maneno yake ndiyo yanayoliliwa. Watu huandika orodha: majina ya samaki, ya sehemu za mashua, ya pepo. Ni kazi njema. Lakini kanuni hufa kimya, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anazo. Mtoto wa Kibarawa aliyekulia Mombasa atasema amepika kama sisi sote. Atakuwa bado na maneno mia ya nyanya yake, lakini ile foleni ya kanuni, iliyomfanya nyanya aseme pishile wala si pishize, haitakuwamo tena. Na kamusi ya kawaida haitamwonyesha kilichopotea, maana kamusi huandika pika tu.

Kwa hiyo, wenzangu mlio na wazee kutoka Kiamboni, Koyama, Kismayu au Barawa, nawasihi jambo moja rahisi kwa likizo hii. Msiwaulize wazee maneno tu. Waulizeni jozi. Waulizeni: ukipika leo wasemaje, ulipokwisha pika wasemaje, ukimpikia mwenzio wasemaje, na yule apikaye ni nani? Fanyeni hivyo kwa pika, kwa andika, kwa funga, kwa penda, kwa cheza. Andikeni kama mlivyosikia, msisahihishe kwa Kiswahili cha shuleni. Ukurasa mmoja wa jozi ishirini wafaa kuliko daftari zima la majina, kwa sababu ndani ya jozi ndimo zinamokaa kanuni.

Na ninyi wanafunzi wa zamani, mlio Ulaya na Amerika, pengine jirani yenu ni mzee wa Barawa ambaye wajukuu wake hawamjibu tena kwa lugha yake. Mkaribieni. Mwulizeni kama chakula kiko tayari, kisha sikilizeni vizuri atakavyojibu.